Pua ya injini: mwongozo kamili wa kukagua na kubadilisha vali ya PCV kabla hujafukuzana na oili inayovuja

Nilipokuwa bado kijana wa kupokeza spana, nilishusha giaboksi ya Toyota Premio moja mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na kosa lilikuwa langu. Gari lilikuwa la mwalimu wa Kisauni, hapa Mombasa. Oili ilidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, nami nikakata shauri kwamba ni sili ya nyuma ya kranki, ule mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea. Nikashusha, nikatia sili mpya, nikapandisha, nikaenda zangu kunawa. Siku ya kumi na mbili mwalimu akarudi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Nikashusha tena nikidhani nimeuziwa sili bandia. Sili ya pili nayo ilipoanza kutoa jasho, mzee aliyekuwa akinifunza kazi akafungua boneti, akachomoa mpira mfupi juu ya injini, akang'oa kidude cha ukubwa wa kidole gumba na kukitikisa karibu na sikio langu. Kimya.

"Mwanangu, pua imeziba," akasema. "Mtu wamfunga pua na mdomo, kisha washangaa hewa ikitafuta pa kutokea?"

Kidude kile ni vali ya PCV, yaani tundu la kutolea moshi unaojikusanya tumboni mwa injini. Kwa Toyota nyingi za petroli zinazozunguka hapa, bei yake haifiki ya galoni moja ya oili nzuri. Kubadilisha sili ya nyuma ya kranki, kwa upande mwingine, ni kazi ya siku nzima na bili ya kukutoa machozi. Tangu siku ile, gari likija linavuja oili, kwanza naangalia linavyopumua. Sili baadaye.

Moshi unaopenya ringi

Petroli inapoungua juu ya pistoni, karibu nguvu yote huisukuma pistoni chini. Karibu yote, si yote. Ringi, vile vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni, haziwezi kuziba kabisa hata zikiwa mpya. Zina mwanya mdogo pale ncha zake zinapokutana, na humo moshi kidogo hupenya kila mara. Hushuka kwenye chumba cha kranki, ile nafasi ya chini ambako kranki huzunguka juu ya sampu, lile beseni la oili.

Moshi huo una petroli ambayo haikuungua, una masizi, una gesi za naitrojeni ambazo zikikutana na maji huwa asidi. Na maji yenyewe yamo. Wateja wengi hunibishia hapa, kwa hivyo nalisema wazi: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mengi hutoka kwa ekzosi, na ndiyo yale matone unayoyaona nyuma ya gari asubuhi. Fungu dogo hupita kwenye ringi na kuingia kwenye oili.

Oili mpya huja na dawa ya kupooza asidi, lakini dawa hiyo ina kiasi chake. Ikiisha, maji, masizi, petroli na joto hupikana pamoja na oili mpaka ikawa uji mweusi. Nimefungua tapeti kava, vile vifuniko vya juu ya injini, ambazo ungedhani mtu amemwagia halua humo akaiacha igande. Uji ule ukishuka ukafunika chujio la sampu, pampu ya oili haipati cha kuvuta, taa nyekundu inawaka, na bearing za kranki zinaanza kugonga. Hapo hatuzungumzi tena habari ya vali, twazungumza habari ya injini nyingine.

Jambo la pili ni presha. Moshi ukiingia bila kukoma sharti upate pa kutokea. Ukikosa, husukuma popote palipo dhaifu: gasketi ya tapeti kava, sili za kranki za mbele na nyuma, hata kijiti cha kupimia oili, ambacho utakikuta kimejiinua kutoka mahali pake.

Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu lililoning'inia chini ya injini, na mwendo wa gari ulivuta moshi ukatokea barabarani. Njia hiyo haikufanya kazi gari likisimama, na ilichafua hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa magari na mitambo ya mafuta uliopikwa na jua. Jimbo la California likawa la kwanza kudai magari mapya yarudishe moshi wa ndani kwenye injini uungue tena, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hivyo vali hii ilienea kwenye magari ya kawaida kwa ajili ya hewa ya mjini. Afya ya injini ilikuwa faida ya pembeni, ingawa kwetu mafundi ndiyo faida kubwa.

Hewa inapitaje

Fikiria nyumba ya Mji wa Kale yenye madirisha pande mbili. Upepo huingia upande wa bahari, joto hutokea upande wa pili. Injini nayo ina madirisha mawili. Dirisha la kuingilia ni mpira unaotoka kwenye bomba la hewa, baada ya filta na kabla ya throtoli (kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ukaingia kwenye tapeti kava. Hewa safi hupita hapo, huteremka hadi kwenye chumba cha kranki na kuchukua moshi. Dirisha la kutokea ni vali ya PCV, ambayo mpira wake huenda kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, yale matawi ya bomba yanayogawa hewa kwa silinda. Manifoldi ndiyo inayovuta. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, throtoli huwa karibu imefungwa, na presha ndani ya manifoldi hushuka hadi kama theluthi ya hewa ya nje.

Mvuto huo ungeachwa wazi, injini ingenyonya hewa nyingi mno ikakosa utulivu. Ndiyo maana ndani ya vali mna kipini na springi. Gari likiwa limesimama, mvuto mkali hukivuta kipini mpaka kikaacha tundu dogo tu. Ukiwa mwendoni, mvuto hupungua, springi hukirudisha kidogo, tundu huwa kubwa na hewa nyingi hupita, na wakati huo moshi wa ndani huwa mwingi kuliko gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto karibu hupotea, na moshi uliozidi hurudi nyuma kwa ule mpira wa kuingilia na kuvutwa kupitia throtoli. Kwa hivyo kukuta oili kidogo kwenye bomba la hewa si ajabu. Kukuta dimbwi ni ajabu. Na injini ikipiga mlipuko wa nyuma kwenye manifoldi, kipini hujibana upande wa pili na kuzuia moto usishuke kwenye mvuke wa oili.

Yote hayo hufanywa na kipini kimoja na springi moja, bila waya wala kompyuta. Ndiyo sababu mashine ya kusoma makosa haiwezi kukuambia vali imeziba. Itakuambia kitu kingine, kama nitakavyoeleza.

Foleni zetu

Watu huniambia joto la Mombasa ndilo linaloua injini. Sikubali. Kwa habari hii joto letu ni rafiki, kwa sababu injini hupata moto upesi kuliko kule bara kwenye baridi. Adui ni foleni. Fikiria gari linalotoka Bamburi saa moja asubuhi, likakwama Kongowea, likakwama tena daraja la Nyali, eisii ikiwa imewashwa, likafika mjini baada ya dakika arobaini. Au lile linalosubiri feri Likoni. Injini imefanya kazi muda mrefu, lakini wakati wote vali ilikuwa kwenye lile tundu dogo. Mita ya kilomita inasoma kumi, ilhali oili imezeeka kana kwamba imekwenda mbali zaidi.

Ndiyo maana wenye Probox za kwenda Malindi kila siku hunishangaza. Kilomita ni nyingi, ndani ni safi. Kisha inakuja Vitz ya mtu wa kwenda ofisini na kurudi, kilomita chache, na chini ya kifuniko cha oili mna utelezi mweusi.

Kuna na habari ya magari yanayoshuka bandarini kutoka Japani. Yana miaka kadhaa tayari, na mipira yake imepikwa na joto la injini miaka yote hiyo. Mteja hubadilisha oili, filta na plagi, akaridhika. Mpira wa PCV hakuna aliyeuangalia tangu kiwandani.

Kabla hujaanza

Utahitaji koleo ya kubania klipu, bisibisi bapa, spana (kama vali ya gari lako hukazwa kwa nyuzi), tochi, kitambaa safi, mfuko mwepesi wa plastiki au karatasi nyembamba, na kipande cha mpira safi wa kupulizia. Dawa ya kusafishia kabureta yafaa pia, lakini inashika moto upesi, kwa hivyo isifike karibu na injini yenye moto.

Simamisha gari mahali tambarare, handbreki juu, gia kwenye P au nyutro. Injini iwe na moto wa kawaida, kwa sababu injini baridi hudanganya. Kuhusu mavazi nitasema jambo moja: nimemwona mtu aliyetoka msikitini Ijumaa akainamia boneti na kanzu yake, mkono wa kanzu ukapita kidole kimoja kutoka kwenye fani belti. Kanzu, kikoi, leso, vyote vifungwe au vivuliwe. Na fani ya radieta ya umeme huweza kujiwasha yenyewe hata ukiwa umezima injini.

Hatua ya 1: angalia bila kugusa

Vua kifuniko cha oili, kigeuze. Rangi ya kahawia na unyevu wa oili ni sawa. Povu jeupe kama mtindi maana yake maji hayapati pa kutokea, ama kwa sababu ya safari fupi, ama vali imeziba, ama, na hili ndilo la kuogopa, gasketi ya silinda hedi imeachia. Ukiona mtindi, angalia maji ya radieta na uone kama yanapungua, kabla ya kulaumu vali. Uji mweusi mgumu ni habari ya kutobadilisha oili kwa wakati, na vali huwa imo kwenye kesi hiyo.

Pitisha tochi pembeni mwa tapeti kava. Oili mbichi inayotoka sehemu kadhaa kwa pamoja ni dalili ya presha. Gasketi ikizeeka huanza kuvuja mahali pamoja, lakini presha husukuma kila upande. Hili lingeniokoa mimi na Premio ya mwalimu, kwa maana kava ilikuwa imelowa pande tatu na mimi macho yangu yalikuwa chini ya gari.

Hatua ya 2: jaribio la mfuko

Hili ndilo jaribio ninalolipenda, halina gharama. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, vua kifuniko cha oili taratibu na uweke mfuko mwepesi juu ya tundu. Ngoja sekunde kadhaa.

Mfuko ukivutwa na kushikamana na tundu polepole, pua inafanya kazi. Ukiinuka na kupepea, presha imo ndani: ama vali au mpira umeziba, ama ringi zimechoka na kutoa moshi mwingi kuliko vali inavyoweza kuvuta. Ukivutwa kwa nguvu mpaka wataka kumezwa, na kifuniko chenyewe kilikuwa kigumu kutoka, basi mvuto umezidi, na hilo ni la magari yenye utando, nitayafikia.

Kwenye injini nyingi ukivua kifuniko utasikia mngurumo ukibadilika kidogo. Usishtuke, ni hewa ya ziada imeingia. Injini ambayo haibadiliki hata chembe ndiyo inayonifanya nishuku kwamba mvuto haufiki huko.

Hatua ya 3: fuata mpira

Tafuta mpira unaotoka kwenye manifoldi ukaja kwenye tapeti kava. Huo ndio wa vali. Mwingine unaokwenda kwenye bomba la hewa ni wa kuingilia. Kwenye Toyota na Nissan nyingi za silinda nne, vali hukaa juu ya kava yenyewe, imechomekwa kwenye mpira mdogo wa duara au imekazwa kwa nyuzi. Kwenye baadhi ya magari imejificha chini ya manifoldi, na hapo kazi ni ya subira.

Zima injini, ubonye mpira kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiwa laini kama nyama iliyochemka, oili imeula kutoka ndani, na mvuto utaubana ujifunge wenyewe. Ukiwa mgumu kama gome, umekauka. Pinda kwenye kona, hasa upande wa chini usioonekana, kwa sababu nyufa hupenda kujificha huko. Ufa ule ukinyonya hewa utasikia mluzi, injini itatikisika ikiwa imesimama, na mashine itaandika P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Mara ngapi nimeona mtu ameuziwa kihisi cha hewa, kisha kihisi cha oksijeni, na kilichopasuka ni mpira wa urefu wa kiganja!

Usitie mpira wa kawaida wa maji mahali pake. Oili itauvimbisha. Omba mpira unaostahimili oili na petroli, wa kipenyo kilekile, au wa asili wenye umbo lake, kwa maana mpira ulionyooka ukilazimishwa kwenye kona hujikunja na kuziba.

Hatua ya 4: ng'oa vali, iulize

Legeza klipu kwa koleo, zungusha mpira kidogo huku na huku kabla ya kuvuta. Usivute moja kwa moja. Plastiki iliyokaa na joto miaka kumi huvunjika kama biskuti na kipande kikaangukia ndani. Mpira mdogo wa duara nao huwa mkavu, na ukipasuka hakikisha vipande vyote vimetoka nje, visiingie kwenye kava.

Sasa itikise. Vali nzima hulia tiki-tiki. Isiyolia imeshikwa na uji. Lakini kulia peke yake hakutoshi, kwa maana springi iliyolegea nayo hulia. Kwa hivyo jaribio la pili: chomeka kile kipande cha mpira safi upande unaoingia kwenye injini, pulizia kwa mdomo. Hewa ipite bila taabu. Geuza, pulizia kutoka upande wa manifoldi. Ipite kwa shida. Ikipita sawasawa pande zote, au isipite popote, vali hiyo kazi imeisha. Pulizia tu, usivute pumzi kupitia hapo; mvuke wa petroli na oili uliomo haufai kuingia kifuani.

Jaribio la tatu hufanywa injini ikinguruma: acha vali kwenye mpira wake wa manifoldi lakini iwe nje ya kava, ziba mdomo wake kwa kidole. Utahisi kidole kinavutwa na mngurumo utashuka kidogo. Usipohisi kitu, mpira au njia ya manifoldi imeziba, hata vali iwe mpya.

Hatua ya 5: kuosha au kununua

Kuosha kwa dawa ya kabureta kunafaa ukiwa umekwama. Binafsi sioshi vali yenye kilomita nyingi kisha nikaiita nzima, kwa sababu uji hutoka lakini springi haiwi changa. Nunua mpya.

Hapa ndipo watu hukosea. Dukani utaonyeshwa vali kumi zinazofanana, zote zaingia kwenye tundu lako. Lakini ukubwa wa tundu la ndani na ugumu wa springi hupangwa kwa injini maalumu. Vali ya injini kubwa ikitiwa kwenye ndogo itanyonya hewa nyingi, gari likasimama linatikisika, na oili ikapungua bila kuona pa kuvujia. Toa namba ya chesi au namba ya spea, usitoe "ya Toyota". Mwenye duka akikuambia "hii yaingia zote, ami", mshukuru, nenda duka la pili.

Kabla ya kurudisha, piga tochi kwenye tundu la vali na la mpira wa kuingilia. Ndani ya kava mna kibati cha kuzuia matone ya oili yasivutwe pamoja na moshi, na kikijaa uji, vali mpya nayo itazama. Ikiwa ni hivyo, kava lazima ivuliwe, ioshwe vizuri na gasketi ibadilishwe papo hapo. Vali ya nyuzi ikaze kwa wastani tu. Kava nyingi ni za aluminiamu au plastiki, na nyuzi zake hazina msamaha.

Hatua ya 6: oili

Kubadilisha vali huku ukiacha oili iliyokwisha kuharibika ni kama kuoga na kuvaa nguo ile ile ya jasho. Badilisha oili na filta, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa gari la foleni hapa mjini mimi hushauri kilomita 5,000, si zaidi, hata galoni ikiandikwa maneno matamu. Ukikuta uji mwingi ndani, usikimbilie dawa kali za kuosha injini. Huweza kubandua mapande makubwa yakaenda kuziba chujio. Afadhali oili nzuri ibadilishwe mapema mara mbili tatu, uji uondoke polepole.

Na siku ya mapumziko lichukue gari mpaka Kilifi au Mariakani. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya radieta. Nusu saa ya mwendo usiokatika hukausha maji na petroli iliyojificha ndani yake.

Vali ni mpya na mfuko bado unapepea

Hapa ndipo ukweli mchungu. Ikiwa vali, mipira na njia zote ni safi na bado presha ipo, ringi zimechoka au zimeganda kwa masizi. Vua kifuniko cha oili, na ukiona moshi ukitoka kwa pumzi fupi fupi kama mtu anayevuta buruma, hiyo ndiyo dalili.

Pima mgandamizo wa kila silinda, uandike. Kisha tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi kwenye silinda iliyo chini, upime tena. Namba ikipanda sana, ni ringi, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, shida iko kwa vali za silinda hedi au gasketi, na hizo hazihusiani na pua. Kipimo hiki hufanywa kwa dakika chache na humwepusha mtu na "ovaholi", yaani kufumua injini nzima, asiyoihitaji. Fundi akikuambia ovaholi bila kupima, mwambie, "Kaka, nionyeshe namba."

Magari yasiyofuata njia hii

Volkswagen, BMW na nyingine nyingi za Ulaya hutumia utando mwembamba wa mpira badala ya kipini. Utando ukipasuka, mvuto wote huingia kwenye chumba cha kranki, injini hupiga mluzi wa kukera, kifuniko cha oili hakitoki, na sili huvutwa kwa ndani. Usipulizie dawa ya kabureta hapo, itaumaliza utando. Mara nyingi huuzwa pamoja na kava nzima, na bei yake, basi, jikaze.

Injini mpya zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina kisa chao. Petroli haipiti tena juu ya vali za kuingiza hewa kuziosha, kwa hivyo mvuke wa oili kutoka PCV hugandia pale na kuwa kaa. Wenye magari hayo wana sababu zaidi ya kutochelewesha oili.

Hiace za dizeli ni habari nyingine kabisa. Dizeli haina mvuto wa manifoldi kama petroli, kwa hivyo moshi huenda tu kwa mpira mpana hadi kabla ya tabo. Kagua mpira na kichungi chake cha oili, na zaidi ya yote usijaze oili kupita alama. Oili ikizidi huvutwa kwenye bomba la hewa, na dizeli huweza kuichoma kama mafuta yake. Injini hupanda yenyewe, na kuzima swichi hakusaidii kitu.

Ujanja wa kukataa

Nimekuta bolti imepigiliwa kwenye mpira wa PCV "ili gari lisile oili". Kweli lilikuwa limeacha kula oili kwa wiki moja, kisha likaanza kuitema kupitia sili. Nimekuta pia mpira umechomolewa na kuachwa wazi chini ya injini, tundu la manifoldi likazibwa. Presha hutoka, ndiyo, lakini hakuna hewa safi inayopita, maji hubaki ndani, na harufu ya moshi huingia mpaka kwenye viti. Ukinunua gari la mkononi, tazama mahali hapo kabla ya kuulizia bei ya mwisho.

Desturi yangu ni kukagua kila kilomita 20,000 na kubadilisha vali ikifika kama 60,000, au mapema kwa gari la foleni tupu.

Ukimaliza kazi, futa oili yote ya nje, chini na juu, paka mahali pakavu poda ya mtoto, na utandike kadibodi chini ya gari usiku. Poda itakuonyesha hasa oili inapoanzia. Baada ya siku saba rudia jaribio la mfuko. Sili iliyokuwa ikitoa jasho kwa ajili ya presha mara nyingi hukauka yenyewe. Premio ya mwalimu ilikauka siku ya nne, ikiwa na ile ile sili ya pili niliyokuwa tayari nimeandaa jeki kuishusha.